Sentimita 36: shajara ya siku saba za warsha

Siku ya kwanza

Safari ya saa kumi na moja ndani ya treni, na muda mwingi nimeutumia kuitazama tena video ileile ya dakika tisa. Ni onyesho letu la mwaka jana: wachezaji watatu, pazia jeupe nyuma yao, na juu ya pazia michirizi ya mwanga iliyotakiwa kufuata mikono yao. Kwenye mazoezi tuliipenda. Mbele ya watazamaji ikatuangusha. Kila mkono ulipopanda, mwanga ulikuja nyuma yake, na kufikia dakika ya tatu wachezaji wangu walikuwa wameanza, bila wao kujua, kupunguza kasi ili mwanga uwafikie. Waliuacha muziki, wakawa wanaingojea mashine. Dakika ya saba ndiyo inayoniuma zaidi: mmoja anasimama ghafla, mkono ukiwa nusu ya safari, na ukimya ule niliutunga kwa wiki mbili. Mwanga ukaendelea kutembea peke yake. Watazamaji wote wakageuza macho kuutazama ukuta.

Mimi ndiye niliyewatungia dansi ile. Ndiyo maana nikaomba nafasi kwenye warsha hii ya midia mpya, sayansi na sanaa za jukwaani, na ndiyo maana nimeibeba video hii.

Tuko kumi na wawili: watu wa dansi, waigizaji wawili, fundi taa, waandishi wa programu, mpiga muziki mmoja. Walimu ni watatu. Mmoja ni mhandisi wa vitambuzi, yaani vifaa vinavyohisi mwendo na mabadiliko, mwingine mtaalamu wa sauti, wa tatu ni mwanasayansi anayechunguza jinsi mwili unavyotenda. Kila mshiriki alitakiwa kuja na swali moja badala ya kazi iliyokamilika. Langu niliandika hivi kwenye kadi: kwa nini mashine inachelewa, na nifanye nini? Mhandisi aliisoma, akanitazama.

“Inachelewa kiasi gani?”

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nimelalamika juu ya kitu ambacho sijawahi kukipima.

Siku ya pili

Asubuhi tumevua viatu wote, pamoja na waandishi wa programu. Kanuni ya hapa ni kwamba hakuna atakayeandika programu ya kufuata mwendo ambao hajaufanya kwa mwili wake mwenyewe. Kijana mmoja, hodari sana wa kompyuta, aliinua mkono wake mara arobaini hivi, polepole, kisha haraka, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Alipoketi alisema hakujua kwamba bega lina kazi kubwa namna ile. Kanuni hii ningependa kuirudisha nyumbani kwenye kundi letu.

Mchana ilikuwa historia, na hapa nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Loïe Fuller, mcheza dansi aliyezaliwa Marekani mwaka 1862 na kupata jina lake Paris, alizungusha vitambaa vipana vya hariri kwa fimbo alizozishika ndani ya mikono ya vazi, akavipiga taa za umeme zenye rangi kutoka pembeni na hata kutoka chini ya sakafu ya kioo. Katika miaka ya 1890 alisajili hataza, yaani haki za uvumbuzi, za vazi lake na za mitambo yake ya jukwaani. Aliwaandikia wanasayansi Marie na Pierre Curie, waliogundua radiamu, akitaka kujua kama radiamu ingeweza kuling’arisha vazi lake gizani. Jambo lililonigusa ni kwamba Fuller hakumsubiri fundi amletee kitu kilichokwisha tengenezwa. Alianza na mwendo, kisha akaitafuta taa inayoufaa.

Halafu tukaja kwenye miaka ya 1960. Mwaka 1965 mjini New York, mtunzi wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage waliweka antena jukwaani, zilizotengenezwa na Robert Moog, muundaji wa vyombo vya muziki vya kielektroniki, hivi kwamba mchezaji alipozikaribia sauti ilibadilika. Oktoba 1966, katika mji huohuo, wasanii kumi na wahandisi takribani thelathini wa maabara za utafiti za kampuni ya simu ya Bell walikutana katika jengo kubwa la jeshi kwa mfululizo wa maonyesho yaliyoitwa “9 Evenings”. Mchoraji Robert Rauschenberg na mhandisi Billy Klüver ndio waliokuwa nyuma ya shughuli hiyo. Mtaalamu wa sauti alitukumbusha kwamba usiku wa kwanza mitambo mingi ilisumbua. Alilisema hilo kwa upole, akinitazama mimi.

Siku ya tatu

Leo tumepima. Naiandika siku hii kwa urefu kwa sababu mtunzi yeyote wa dansi anayefanya kazi na projekta anaweza kufanya tulichofanya, na hakihitaji chochote cha ajabu.

Tulichukua simu inayorekodi fremu, yaani picha mojamoja za video, 240 kwa sekunde. Tukaiweka mahali ambapo mkono wa mchezaji na pazia vyote vinaonekana katika picha moja. Mchezaji akaupiga mkono hewani. Kisha tukaitazama rekodi fremu moja baada ya nyingine, tukihesabu kuanzia fremu ambayo mkono unaanza kusogea mpaka fremu ambayo mwanga kwenye pazia unaanza kusogea. Kila fremu ni milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) nne na kidogo. Tulirudia mara kumi. Mfumo wangu, uleule wa mwaka jana, ulitupa wastani wa fremu 29, yaani milisekunde 120 hivi.

Nikadhani ni kidogo. Nani ataona sehemu ya nane ya sekunde? Mhandisi akaniomba tuukadirie mwendo wa mkono. Katika mpigo ule wa haraka, kiganja kilikuwa kikienda mita tatu kwa sekunde. Zidisha: sentimita 36. Akachukua rula, akaiweka kwenye mkono wangu kuanzia ncha za vidole. Ilifika karibu na kiwiko.

Mwaka mzima mwanga wangu ulikuwa nyuma ya mchezaji kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilikaa na rula ile muda mrefu.

Baada ya hapo tukautafuta ucheleweshaji ulikojificha, na uligawanyika sehemu nyingi kuliko nilivyodhani. Kamera yangu inachukua fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kitu kinaweza kutokea mara tu baada ya fremu moja kupita na kingojee milisekunde 33 kabla ya kuonekana. Kisha picha inasafiri kwenye waya, programu inautafuta mkono ndani yake, inachora mchirizi, na kompyuta inasubiri zamu yake ya kuutuma mchoro. Projekta nayo ina shughuli zake: inanyoosha picha iliyopinda kwa sababu tuliiweka pembeni, inalainisha rangi, inakisia fremu za katikati. Kila moja ya huduma hizo hushika fremu mkononi kabla ya kuiachia. Tukaihamisha projekta mpaka ikakaa sawasawa mbele ya pazia, tukazizima huduma zote. Fremu 21. Tukaibadilisha kamera tukaweka ya fremu 60. Fremu 17, kama milisekunde 71. Sentimita 36 zikawa 21, na hatujagusa hata mstari mmoja wa programu.

Mtaalamu wa sauti alikuwa na jambo la kuongeza. Sauti hewani huenda takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliyeketi mita 20 kutoka jukwaani huisikia nyayo ya mchezaji milisekunde 58 baada ya kuiona, na wala halalamiki. Nikamuuliza kwa nini basi watazamaji wangu walalamike. Akasema ubongo umeishi maisha yake yote katika dunia ambayo sauti huja nyuma ya kuonekana, umezoea kuisamehe. Lakini mkono na mwanga wa mkono vyote vinaingia kwa jicho. Jicho halina sababu ya kumsamehe mmoja.

Siku ya nne

Siku ngumu. Tulijaribu ubashiri: programu inaangalia mkono ulikotoka na kasi yake, inakisia utakapokuwa baada ya milisekunde 71, inauchora mwanga huko. Kwa miduara mirefu na mawimbi ilipendeza mno, mwanga ulikaa juu ya kiganja kana kwamba umegandishwa. Nikaomba dakika ya saba. Mchezaji akasimama ghafla. Mwanga ukampita, ukaenda mbele kwa kasi aliyokuwa nayo, kisha ukarudi ukimtafuta, kama mtu aliyedhani ngazi ina kidato kimoja zaidi.

“Huyo si mimi,” mchezaji akasema. “Mimi nilisimama.”

Alasiri nzima tukahangaika. Tukaweka taa za zamani za nyuzi kwa ajili ya sura nyingine, na kamera ya mwanga usioonekana, ile ya infraredi, ikapofuka, kwa sababu taa za namna hiyo hutoa infraredi nyingi kuliko mwanga. Zikabadilishwa kwa za LED. Sikuandika mengi zaidi. Nililala mapema.

Siku ya tano

Mwanasayansi wa mwili alikuwa kimya siku zote hizi. Leo asubuhi akaja na kisanduku kidogo, nyaya tatu na vibandiko, akaniambia, “Dada, unaikimbiza picha ya mkono ukiwa tayari umeondoka. Twende tukausubiri unakotokea.”

Kazi yenyewe ni kuusikiliza umeme wa msuli. Msuli ukipewa amri hutoa umeme mdogo sana, chini ya milivolti chache, na elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi huweza kuudaka. Mbili huwekwa juu ya msuli, ya tatu mahali penye mfupa, pasipo na msuli, ili iwe kipimo cha kulinganishia. Ngozi husafishwa kwanza. Kisanduku hutumia betri na hakiunganishwi na umeme wa ukutani hata kidogo, kwa usalama wa aliyevishwa. Hata hivyo umeme wa jengo uliingia: mstari kwenye skrini ulitetemeka mfululizo kwa mtetemo wa mara 50 kwa sekunde, ambao ndio mtetemo wa nyaya za ukutani. Tukaichomoa kompyuta ikabaki na betri yake, tukazisogeza nyaya mbali na vipunguza mwanga vya taa, tukaweka kichujio. Mstari ukatulia. Mchezaji akakaza bega, na skrini ikachanua.

Si jambo geni jukwaani. Mwaka 1965 mtunzi wa muziki Alvin Lucier aliketi kimya mbele ya watu, elektrodi zikiwa kichwani, na mawimbi ya alfa ya ubongo wake, yale yanayotokea mtu akiwa ametulia na amefumba macho, yakazitetemesha spika zilizopiga ngoma na vyombo vingine. Ila sikuwahi kuyaona mambo haya karibu hivi.

Tukabandika begani kwanza. Mchezaji akainua mkono haraka, tukatazama rekodi: umeme wa msuli ulitangulia. Huchukua muda mfupi, makumi ya milisekunde, tangu msuli uanze kuwaka umeme mpaka mfupa uanze kusogea. Nilifurahi, nikadhani tumemaliza.

“Sasa tubandike nyuma ya paja,” mwanasayansi akasema.

Kwa mkono? Nikamwuliza mara mbili. Akanieleza, na nitajaribu kuyarudia maneno yake. Mtu aliyesimama akiurusha mkono mbele, uzito unahama na mwili ungeyumba. Mwili haungoji kuyumba. Misuli ya mguu na mgongo hujikaza kwanza, ndipo bega lipokee amri. Watafiti wa Muungano wa Kisovieti waliliandika hilo mwaka 1967, na limepimwa mara nyingi tangu wakati huo. Paja huamka kabla ya bega, na bega huamka kabla ya mkono kwenda.

Nilisimama pale nikamkumbuka mwalimu wangu wa kwanza wa dansi, aliyekuwa akitupiga kelele kila siku kwamba mkono huinuliwa na mguu. Tulidhani ni usemi wa kutufanya tusimame vizuri. Alikuwa akieleza jambo lililotokea kweli ndani yetu, na yeye alilijua kwa miaka ya kutazama tu.

Fundi taa akaunganisha kisanduku na taa moja ya LED juu ya jukwaa. Amri za taa huenda kwa DMX512, lugha ya taa za jukwaani tangu mwaka 1986: njia 512 kwenye waya mmoja, kila njia na viwango kutoka 0 hadi 255, na ikiwa njia zote zinatumika amri hurudiwa kama mara 44 kwa sekunde. Haina kusubiri projekta wala kamera. Mchezaji akasimama. Simu ya fremu 240 ikawashwa. Akainua mkono.

Nilikuwa karibu naye, na sikuona mwanga ukija. Niliuona mkono ukipanda ndani ya mwanga. Tukahesabu: taa ilianza fremu mbili kabla ya mkono kusogea. Tukarudia. Sifuri. Tukarudia. Fremu tatu kabla. Mhandisi, ambaye wiki nzima hajainua sauti, aliipiga meza kwa kiganja.

Kisha tukatafuta mahali pa kuivunja. Mchezaji alipoegemea ukuta, paja lilinyamaza na taa ikabaki gizani, kwa kuwa ukuta ulikuwa umebeba kazi ya kumzuia asiyumbe. Alipoinua mkono polepole sana, taa haikujua. Alipolala chini, hakuna kitu. Wengine waliona kasoro. Mimi niliona kwamba taa inasema ukweli juu ya uzito wake, na uzito ndio ninaoufundisha.

Jioni mmoja wa waigizaji wawili, mama ambaye amesimama jukwaani miaka mingi kuliko sisi sote, aliomba avishwe yeye. Alisimama muda mrefu bila kusogea. Taa ikawaka. Mkono wake ulikuwa chini. Ikazimika. Ikawaka tena.

“Nataka kumpungia mtu,” akatueleza, “na ninajizuia.”

Hakuna aliyesema kitu. Nikaenda kuichukua daftari yangu.

Siku ya sita

Mazoezi kutwa. Jasho ndilo adui wa leo: baada ya dakika ishirini vibandiko vinateleza na mstari unaanza kudanganya. Tumeongeza utepe wa kitambaa juu yake na tumekubaliana kubandika upya kabla ya kila zamu. Kiwango cha kuiwasha taa nacho hakiwi kimoja kwa watu wawili, wala kwa mtu mmoja asubuhi na jioni, kwa hiyo kabla ya kuanza kila mmoja anasimama kimya sekunde kumi, kisha anakaza paja mara tatu, na programu inajipimia hapo. Fundi taa anaweka kidole juu ya kitelezi chake wakati wote. Kisanduku kikikwama, yeye ndiye atakayeiwasha taa, kwa jicho na mazoea. Nimefurahi kwamba hakuna aliyelipinga hilo. Mchezaji hapaswi kuachwa gizani kwa sababu betri imeisha.

Kulizuka pia mjadala juu ya rekodi. Umeme wa misuli ya mtu, ukiwekwa kwenye faili, unaonyesha mambo ambayo yeye mwenyewe hayaoni: uchovu wake, mguu anaoulinda kwa sababu uliwahi kuumia, nia aliyoificha. Mwandishi mmoja wa programu alitaka kuziweka faili zote kwa ajili ya kazi zijazo. Tulikataa. Tumeandika na kutia sahihi kwamba rekodi ya mwili ni mali ya mwenye mwili, anaondoka nayo au inafutwa mbele yake. Ningetamani kila kundi linalovisha wachezaji vitambuzi liandike hivyo kabla ya kubandika kibandiko cha kwanza.

Siku ya saba

Watazamaji walikuwa kama arobaini. Kila kundi lilipewa dakika sita.

Sisi hatukutumia pazia. Jukwaa tupu, taa moja, mchezaji wa siku ya nne upande mmoja na yule mama upande wa pili. Niliichukua dakika ya saba ya video yangu nikaifungua upya. Mchezaji anakwenda kwa kasi, mkono na mwanga ni kitu kimoja, hakuna anayemfuata mwenzake. Anasimama ghafla. Mwanga unasimama naye. Ukimya nilioutunga mwaka jana ulifika mahali pake.

Upande wa pili, mama amesimama, mikono chini. Taa ikawaka juu yake, ikazima. Ikawaka. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma kama kawaida yangu, nikigeuka kuwatazama watu. Hakuna aliyeitazama taa, wala ukuta. Wote, hata mtoto mmoja aliyepakatwa, walikuwa wanautazama mkono wake wa kulia, ambao haukuwa umefanya lolote. Ulipopanda mwishowe, mtu aliyekuwa mbele yangu alivuta pumzi kwa sauti.

Mhandisi amenipa kisanduku kimoja na vibandiko vya mwezi mzima, kwa sharti kwamba nimwandikie vinapokwama. Rula nimeiomba pia. Treni yangu ni alfajiri. Nimekwisha kuwaandikia wachezaji wangu watatu: nimewaomba radhi kwa sentimita 36, nimewaeleza kuhusu paja, na nimewauliza ni nani kati yao angekubali tuanze naye dakika ya saba.